Mtoto Amezaliwa na Mdomo Sungura Kapsokwony? Kabla Uskize Majirani, Soma Hii Kwanza

Tuseme ni wewe. Saa tisa usiku, uko Kapsokwony, ile baridi ya Elgon imeingia mpaka kwa mifupa. Umesukuma, mtoto amelia, na hiyo sauti imekupea raha kuliko kitu chochote ushawahi kuskia. Halafu unashtuka nesi amenyamaza. Mwenzake anamwangalia, anaangalia kando. Hakuna mtu anasema "hongera mama, ni msichana." Mtoto anafungwa shuka haraka haraka, na wewe ukimfunua unaona mdomo wa juu umeachana, ufa unapanda mpaka kwa pua.

Hicho kimya ndicho kitu cha kwanza kibaya kwa hii stori yote, na hakina hata uhusiano na mdomo wa mtoto. Kabla jua litoke shangazi fulani ashapiga simu kijiji mzima, na kila mtu ako na maelezo yake. Ooh, ulicheka mtu akiwa na mdomo kama huo ukiwa na ball. Ooh, kuna mtu wa boma ya pili alikuangalia vibaya. Ooh, kwao na huyo msichana kuna kitu, tulisema mapema. Umeshikilia mtoto mikononi na tayari uko kortini.

Wacha tukutoe hapo kwanza.

Uso wa mtoto hujengwa kwa vipande. Kuna vipande vinatoka kushoto, vingine kulia, kingine kinashuka kutoka juu, na vyote vinakutana katikati vinashikana. Mdomo hushikana kati ya wiki ya nne na ya saba ya ujauzito. Kaakaa, hiyo dari ya ndani ya mdomo, hufuata kati ya wiki ya sita na ya tisa. Vipande vikikosa kushikana vizuri, ufa unabaki. Inaweza kuwa mdomo peke yake, kaakaa peke yake, ama vyote viwili.

Sasa piga hesabu. Wiki ya saba ni lini? Ni wakati wengi hata hawajajua wako na mimba. Unadhani ni malaria, unadhani ni chai ya maziwa imekuharibia tumbo. Kufika siku ya kwanza unaenda kliniki kuchukua kitabu, mdomo wa mtoto ulishamaliza kujengwa kitambo. Kwa hivyo yule mtu ulimcheka ukiwa na miezi sita, hata kama ulimcheka kweli (na hukufanya poa, lakini hiyo ni stori ingine), hana kazi hapo.

Na hii si kitu ya Mlima Elgon pekee. Dunia nzima, karibu mtoto mmoja kwa kila 700 huzaliwa na ufa wa mdomo ama kaakaa. London wako, Mumbai wako, Nairobi wako. Tofauti ni kwamba kule kwingine mtoto hufanyiwa upasuaji mapema, akikua unaona tu kamstari kadogo juu ya mdomo na huulizi. Ndio maana unadhani hawako.

Sababu? Mara nyingi ni mchanganyiko. Kuna damu ya ukoo, na hapa wababa mskize vizuri: hizo jeni zinatoka pande zote mbili. Kuna sigara na pombe. Kuna ugonjwa wa sukari ambao haujadhibitiwa kabla ya mimba. Kuna baadhi ya dawa za kifafa, kama valproeti na topirameti, ambazo zinajulikana kuongeza hatari. Ukiwa unameza hizo usiziache ghafla, kifafa bila dawa kinaweza kukuua. Enda uongee na daktari kabla ya kupanga mimba. Na mara nyingi sana, ukitafuta sababu hupati yoyote. Imetokea tu. Wazazi ambao tayari wako na mtoto mmoja wa namna hii, uwezekano wa mwingine kuzaliwa hivyo ni kama wawili mpaka watano kwa mia. Maana yake, zaidi ya 90 kwa mia watakuwa sawa. Kwa hivyo huyo mama mkwe anayesema "usizae tena na huyo" mwambie apunguze.

Haya, uchawi tumemaliza. Sasa tuende kwa kitu chenye kinaweza kuua mtoto kweli, na si huo mdomo kuachana. Ni njaa.

Jaribu kunyonya soda na mrija uliotoboka katikati. Unavuta, unavuta, hewa inaingia, soda haipandi. Hivyo ndivyo mtoto mwenye kaakaa lililopasuka anavyonyonya titi. Ili maziwa yatoke lazima mdomo ufunge na kuvuta, na yeye hawezi kufunga kwa sababu mdomo na pua ni chumba kimoja. Atanyonya saa nzima, atatoa jasho, atalala. Wewe utadhani ameshiba. Hajashiba, amechoka. Wiki ya kwanza inaisha hivyo, ya pili pia, na ukimpeleka kupimwa kilo ameshuka.

Kuna utafiti mmoja ulitumia rekodi za Smile Train za watoto zaidi ya 600,000 wa chini ya miaka mitano kutoka nchi zaidi ya 100. Karibu 29 kwa kila mia walikuwa na kilo za chini kuliko umri wao, wakati kwa watoto wa kawaida ni kama 20 kwa mia. Hao ni watoto waliofika hosi, kumbuka. Wale hawakufika hakuna mtu aliwapima.

Kwa hivyo form ni hii. Mwenye ufa wa mdomo pekee, kaakaa likiwa zima, mara nyingi ananyonya fiti, mradi umshike vizuri na titi lizibe huo ufa. Mwenye kaakaa limepasuka, kamua maziwa yako kwa mkono, weka kwa kikombe kisafi kidogo ama kijiko, ama chupa laini ile unafinya kidogo kidogo akimeza. Maziwa ni yale yale yako. Usikimbilie ya ng'ombe ama uji eti kwa sababu "titi limemkataa." Mkalishe wima, kichwa juu, asilale chali, ndio maziwa yasikimbilie puani na masikioni. Yakitokea kwa pua, na yatatokea, usipige nduru. Simama kidogo, mpanguse, aendelee. Mbeue mara nyingi kwa sababu anameza hewa nyingi. Na usimlishe zaidi ya nusu saa kwa mara moja. Ukipita hapo anachoma nguvu nyingi kuliko ile anaingiza. Afadhali kidogo, mara nyingi, hata usiku.

Enyewe hiyo ni kazi. Kukamua, kulisha na kijiko, kuosha kikombe, kuanza tena baada ya masaa mawili, na kuna ng'ombe, kuna shamba, kuna watoto wengine wawili wanataka kuenda shule. Mama peke yake hawezi. Hapa ndio utajua kama uko na bwana ama uko na mpangaji.

Kila wiki mtoto apimwe kilo. Mtoto mchanga huongeza kama gramu 150 mpaka 200 kwa wiki, na wiki mbili zikiisha anafaa awe amerudi kwa uzito aliozaliwa nao. Ikikosa, usingoje tarehe ya kliniki. Mhudumu wa afya wa kijiji, wale wa CHP, wengi wako na mizani. Mwite.

Kwa nini nakazania kilo? Kwa sababu kilo ndio tiketi ya upasuaji. Madaktari wako na kanuni ya zamani wanaita kanuni ya kumi: wiki kumi, ratili kumi (kama kilo nne na nusu), na damu ya gramu kumi. Hospitali nyingi bado zinaitumia kama kipimo cha chini, ingawa kila mahali pako na utaratibu wake, na mdomo kwa kawaida hushonwa kati ya miezi mitatu na sita. Sio roho mbaya. Mtoto mdogo, amekonda, damu kidogo, ukimpa nusu kaputi hatari inapanda. Sasa fikiria mathe ametoka Kapsokwony, amekopa nauli kwa chama, amefika na mtoto wa miezi minne, anawekwa kwa mizani, tatu nukta mbili. Anaambiwa arudi nyumbani anenepeshe mtoto. Ukimwuliza mwaka ujao kama alirudi, wewe mwenyewe unajua jibu.

Na tukiongea nauli, tuongee nauli.

Upasuaji wenyewe mara nyingi ni sare. Smile Train, shirika lililoanza 1999, halileti wazungu na ndege. Linalipia madaktari na hospitali za hapa hapa wafanye kazi mwaka mzima. Kuna Moi Teaching and Referral pale Eldoret, ambayo tangu 2015 iko na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa. Kuna CURE kule Kijabe, ya watoto, tangu 1998. Na kuna zile kambi za upasuaji ambazo mara kwa mara hutangazwa kwa hospitali za kaunti. Hata serikali, tangu Oktoba 2024 NHIF ikazikwa, kuna SHA, unajisajili kwa simu na *147#, na mtoto umwandike chini yako mapema, usingoje mpaka uko kwa foleni ya kulazwa.

Lakini hebu shuka na mimi kutoka Kapsokwony. Kama mvua imenyesha, boda inateleza kama iko kwa sabuni. Unafika Kimilili, unapanda gari ya Kamukuywa, unafuata barabara ya Kiminini mpaka Kitale. Hapo Kitale mtoto ashatapika mara mbili. Kama rufaa ni ya Eldoret bado una kama kilomita 70 mbele. Unafika saa nane mchana, wanaambia "daktari wa hiyo kliniki ni wa Alhamisi." Leo ni Jumanne. Unalala wapi? Unakula nini? Nani anakamua ng'ombe nyumbani?

Hiyo sio hadithi ya kukuliza. Iko na hesabu. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet kuhusu upasuaji duniani ilitoa ripoti yake, na ndani yake kuna namba ambayo ingefaa kubandikwa kwa kila ofisi ya afya ya kaunti. Kila mwaka watu milioni 33 hufilisika kwa sababu ya kulipia upasuaji na nusu kaputi. Halafu wengine milioni 48 juu ya hao hufilisishwa na vitu ambavyo si matibabu: nauli, chakula, mahali pa kulala. Soma tena. Njia ya kuenda hosi inamaliza watu wengi kuliko hosi yenyewe. Kwa hivyo mtu akikuambia "si ni bure, mbona hamji," mwonyeshe hiyo.

Kwa maoni yangu, swali la kwanza ukipiga simu hospitali lisiwe "ni pesa ngapi." Uliza: mnarudisha nauli? Kuna mahali mama analala? Kliniki ni siku gani? Mtapima damu hapo ama nije na majibu? Programu nyingi za hii kazi huwa na kitu kidogo cha nauli, lakini asiyeuliza mara nyingi hapati. Na damu ya mtoto, mdomo wake na kilo zake vinaweza kuangaliwa hapo hapo hospitali ya Mlima Elgon, Kapsokwony, ama Bungoma, kabla hujaanza safari. Simu moja ya daktari wa huku kwa daktari wa kule inaokoa mbuzi mmoja.

Kidogo nitoke nje ya mstari. Unajua AMREF, wale wa ndege, Flying Doctors? Ilianzishwa 1957 na madaktari watatu: Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees. Wote watatu walikuwa wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, ile watu wa mtandao wanadhani ni ya mastaa kuongeza makalio. McIndoe ndiye alishona nyuso za marubani walioungua kwa ile vita ya pili ya dunia, na Wood alijifunza kwake. Walikuja huku wakaona watu wenye majeraha ya moto, nyuso zilizoraruliwa na wanyama, watoto wa mdomo sungura, wote wako mbali na daktari. Wakaamua daktari ndiye apande ndege. Kwa hivyo hii kazi Afrika Mashariki haikuanza na urembo, ilianza na barabara mbaya. Na hiyo barabara bado iko.

Turudi. Siku ya upasuaji. Utaambiwa mtoto asile kwa masaa fulani. Kawaida maziwa ya mama yanasimama masaa manne kabla, maziwa mengine na uji masaa sita, lakini fuata yale hosi yako imesema. Hii sheria imechanganya wazazi wengi. Mtoto analia njaa, nyanya yake anamwonea huruma, anamchomoa nje anampa kidogo. Akiwa chini ya nusu kaputi yale maziwa yanaweza kupanda yaingie mapafuni. Ukimlisha kwa bahati mbaya, sema. Watamsongesha siku ingine, na hakuna mtu mwenye akili atakugombeza.

Kushona mdomo huchukua kama saa moja ama mbili. Unaletewa mtoto amevimba, ameshonwa, ana damu kidogo, na hapa kuna kitu cha ajabu nakuambia mapema: kuna mathe huangalia na kulia si kwa furaha. Ule uso ulikuwa umeshauzoea. Ulikuwa umeanza kuupenda vile uko, na sasa umepewa mtoto mwenye anafanana na mwingine. Hiyo hisia ni ya kawaida, hukosi shukrani.

Kaakaa ni stori ya baadaye, na hapa ndipo wengi hupotea. Mdomo umefungwa, picha imepigwa, kijiji kimenyamaza, kwa nini urudi tena Eldoret kwa kitu hakionekani? Kwa sababu hicho hakionekani ndicho mtoto atatumia kuongea.

Fanya hivi. Ziba pua yako useme "baba." Imetoka sawa, si ndiyo? Kwa sababu herufi kama b, p, t, k na s zinataka hewa ijae mdomoni, pua ikiwa imefungwa kwa nyuma. Kaakaa ndio mlango. Mlango ukiwa na ufa, hewa inahepa kwa pua na "b" inageuka "m." Mtoto anaita baba, inatoka mama. Anaomba pesa, inatoka "mesa." Mwalimu wa chekechea anadhani ni mjinga, anamkalisha nyuma, na mtoto mwenye akili zake timamu anaacha kunyoosha mkono.

Hospitali nyingi hufunga kaakaa kati ya miezi tisa na mwaka mmoja na nusu. Mapema kiasi gani ni bora? Madaktari walibishana juu ya hii miaka mingi mpaka wakafanya jaribio kubwa lililotoka 2023 kwa jarida la New England Journal of Medicine. Watoto 558, kutoka hospitali 23 za Ulaya na Amerika Kusini, wote wakiwa na ufa wa kaakaa pekee. Nusu wakafanyiwa wakiwa miezi sita, nusu wakiwa mwaka mmoja. Wakangojwa mpaka wafikishe miaka mitano, wakarekodiwa wakiongea. Wale wa miezi sita, karibu 9 kwa mia bado mlango wa nyuma ya pua haukuwa unafunga vizuri. Wale wa mwaka mmoja, 15 kwa mia. Kwa hivyo mapema kulisaidia.

Lakini usichukue hiyo ukakimbia nayo. Hao walikuwa watoto wenye afya, kwa hospitali zenye vifaa vyote na watu wa nusu kaputi wa watoto. Mtoto wako wa miezi sita mwenye kilo tano na kikohozi si mtoto wa hilo jaribio. Kile inakuambia ni kwamba kila mwezi una thamani, usikubali "ataenda akikua." Nimeskia hiyo sentensi mara nyingi sana ushago. Akikua lini? Lugha haingoji. Mtu anaweza kushonwa kaakaa akiwa na miaka kumi, na inasaidia kula na kunywa, lakini matamshi yanakuwa yashazoea njia ya pua, na kuyarudisha ni kazi ngumu.

Na hata ukienda mapema, wengine hubaki na kitundu kwa kaakaa, ama sauti ya puani, wanahitaji kurudishwa tena. Si lazima daktari aliharibu. Unaweza kumpima nyumbani akifikisha kama miaka mitatu: asubuhi ya baridi, na za Kapsokwony ziko za kutosha, weka kioo kidogo chini ya pua yake, mwambie aseme "papai, pipi, popo." Kioo kikipata ukungu kila akisema, hewa inatoka mahali haifai. Mpeleke. Wataalamu wa matamshi Kenya hii ni wachache, bana, hiyo ni aibu yetu, na wengi wako miji mikubwa. Ukipata mmoja, mwombe akufunze mazoezi ya kufanya nyumbani, rekodi kwa simu, mrudie kwa WhatsApp.

Masikio pia. Ile misuli inafungua mfereji kati ya koo na sikio iko kwa kaakaa. Likipasuka, maji hukaa nyuma ya ngoma ya sikio, na mtoto hasikii vizuri. Unamwita haitiki, unamchapa eti ni kichwa ngumu. Kumbe yuko kama mtu ako chini ya maji. Akitoa usaha ama akiwa haitiki, aangaliwe, hata kama mdomo ulishapona.

Kisha, kwa wale ufa ulipita kwenye ufizi, karibu miaka minane mpaka kumi na moja huwekewa mfupa kidogo, mara nyingi unatolewa kwa nyonga, ndio jino la kudumu lipate pa kushuka. Kwa hivyo hii safari si siku moja. Kundi la kimataifa lililopanga vipimo vya hii kazi lilisema mtoto afuatwe hadi miaka 22. Ishirini na mbili! Mbegu za mahindi utapanda mara ngapi kabla ya hapo.

Hiyo inatuleta kwa swali: kupona ni nini hasa? Kwa miaka mingi daktari ndiye aliamua. Anaangalia picha, anaangalia mshono, anasema safi. Hakuna mtu alimwuliza mwenye mdomo. Kisha watafiti wakiongozwa na Anne Klassen na Karen Wong Riff wa Kanada wakatengeneza maswali yanaitwa CLEFT-Q, wakayajaribu kwa watu 2,434 wa miaka 8 hadi 29 kwa nchi 12, matokeo yakatoka 2018. Wanauliza mwenyewe: unapenda midomo yako? Pua? Kovu? Watu wanakuelewa ukiongea? Unaogopa kuongea mbele ya darasa? Chakula kinatoka puani ukiwa na marafiki? Inaonekana kitu kidogo, lakini imegeuza meza. Mtoto mwenye mshono wa kupendeza anaweza kuwa analia kila jioni kwa sababu ya sauti, na mwingine mwenye kovu nono yuko sawa, anacheza boli, hana shida na mtu.

Hauhitaji karatasi ya Kanada kuuliza hayo. Muulize wako, akiwa na miaka minane ama tisa, mkiwa wawili tu, mkichambua mboga. Ukienda kliniki muache yeye ajibu daktari kabla yako.

Na yale mahitaji ya familia, ambayo watafiti sasa wanayaandika kama ugunduzi, mathe yeyote wa Kapsokwony angewaambia bure. Anataka mtu amwambie ukweli siku ya kwanza, na amwonyeshe picha ya mtoto mwingine kabla na baada. Anataka kujua jinsi ya kulisha kabla ya kutoka wodi, si wiki ya tatu. Anataka nauli. Anataka bwana asihepe. Anataka mama mwingine mmoja tu, aliyepitia, ampigie simu. Hili la mwisho halina gharama hata kidogo: kama wako ameshonwa na yuko poa, acha namba yako kwa nesi wa wodi ya kujifungua. Mwambie, akizaliwa mwingine, nipigieni hata usiku.

Jina nalo. "Mdomo sungura" nimeliandika juu kwa sababu ndilo unalolijua, na ndilo ungetafuta kwa simu. Lakini kwa uwanja wa shule "sungura" ni rungu. Ongea na mwalimu mapema, mweleze ni ufa wa mdomo, umeshonwa, mtoto anaskia na anaelewa kila kitu.

Nisisahau walioungua, kwa sababu ni madaktari wale wale na ni foleni ile ile. Nyumba zetu za baridi, moto uko chini, sufuria ya uji iko chini, mtoto anajifunza kutembea. Akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, na yanasaidia hata kama masaa karibu matatu yamepita. Mlima uko na maji, tumia. Kolgeti hapana, mayai hapana, Blue Band hapana, barafu pia hapana. Mfunike na kitambaa kisafi, mwende hosi. Halafu ile ya baadaye ambayo watu hawaijui: kidonda kikipona, ngozi inavuta. Vidole vinajikunja, kiwiko kinakataa kunyooka, kidevu kinashikana na kifua. Ni wakati wa kupona ndio mkono unafaa unyooshwe, ufungiwe kibao usiku, ufanyiwe mazoezi hata akilia. Ukiachwa mwaka mmoja "upone kwanza," atahitaji kukatwa na kubandikwa ngozi, na mkono hauwezi kurudi wote.

Sasa, kama uko na mtoto wa hivi nyumbani leo, ama kuna mmoja boma ya jirani hutolewi nje kukiwa na wageni, mambo ya kesho asubuhi ni mafupi. Apimwe kilo. Andika hiyo namba na tarehe nyuma ya kitabu cha kliniki. Piga picha ya mdomo akiwa ametulia, na ingine akiwa ameufungua wakati analia, ndio kaakaa lionekane. Hizo picha mbili na hiyo namba ndizo daktari wa Kitale ama Eldoret atakuuliza kwa simu kabla akuambie upande gari lini. Na ukipigiwa uende, uliza ya nauli kabla hajakata.